Dawa ya Siku Njema: Mazungumzo juu ya Mtoto Mwenye Pumu

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za mtoto mwenye pumu. Hatutaanza na usiku ule abanwapo kifua, maana usiku ule hakuna mzazi ahitajiye kukumbushwa dawa. Twaanza na siku zile achezapo uwanjani na wenziwe, asikohoe wala asilalamike. Siku hizo ndizo dawa isahauliwapo.

Sisi wenyewe tulilikosa jambo hili. Mtoto wetu alikaa miezi miwili mzima kabisa, tukasema, "Amepona," na pampu yake tukaiweka juu ya kabati. Zilipoingia mvua na baridi akaanza kukohoa alfajiri. Na usiku mmoja tukamkuta ameketi kitandani, ameinama mbele, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi, wala hawezi kumaliza neno. Tulimfikisha hospitali, akapata nafuu. Daktari hakutukaripia. Alituuliza tu, "Ile ya kahawia iko wapi?"

Mtoto wa pumu mara nyingi hupewa pampu mbili za kuvuta dawa, ambazo wengine huziita inhela. Ile ya buluu, yenye salbutamoli, hulegeza misuli iliyozibana njia za pumzi, nayo hufanya kazi kwa dakika chache. Ile ya pili, ambayo aghalabu ni ya kahawia, ina dawa kama beklometasoni. Hii hutuliza uvimbe wa ndani ya njia zile, polepole, kwa siku na majuma. Uvimbe huo huweza kuwapo hata mtoto asipokohoa. Ndiyo sababu huvutwa kila siku kama ilivyoandikwa, hata ionekanapo haina kazi. Wako wasemao kwamba itamzoeza mtoto asiweze kuiacha. Si kweli. Kuipunguza ni shauri la daktari, si la jirani.

Basi yakumbukwaje? Twaona heri kuifungamanisha na kazi ya kila siku. Kwetu huvutwa kabla ya mswaki, asubuhi na usiku, na kuna faida ya pili: dawa hii ikibaki kinywani huweza kuleta utando mweupe, na kusukutua huiondoa. Mtu mzima asimame karibu atazame. Mtoto wa miaka minane atasema, "Nimekwisha vuta," hali mawazo yake yako kwenye mpira. Tusimwite mwongo, twende tukasimame naye.

Na kuvuta kwenyewe kuna ufundi. Mtoto akipuliza moja kwa moja kinywani, dawa nyingi huishia kooni. Hutakiwa chombo cha kati. Na kisipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walitangaza kwamba chupa kama hiyo, iliyozibwa vema, iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na chombo cha dukani. Chupa huoshwa, hutobolewa chini tundu lienealo mdomo wa pampu, na pembeni huzibwa kwa gundi. Tikisa pampu, puliza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita kwenye mdomo wa chupa. Ndipo pulizo la pili.

Ile ya buluu iende naye shuleni, na mwalimu ajue. Akibanwa asiweze kusema, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali upesi, huku akipulizwa hiyo ya buluu njiani.

Imebaki hesabu. Pampu ya mapulizo 200, mawili asubuhi na mawili usiku, huisha siku ya 50. Baada ya hapo huweza kuendelea kutoa upepo, nao husikika vilevile, lakini dawa haimo. Andikeni juu yake tarehe ya kuanza, na siku ya 40 mtafute nyingine. Mtoto wetu sasa huchora mstari ukutani kwa penseli kila avutapo. Ukuta umechafuka sana, nasi hatusemi neno.