Usawa au Upendeleo?

  Ninyi mnaosoma maneno haya darasani, someni polepole, kwa sauti, na wenzenu wasikilize.

Juma lililopita, katika darasa moja la Temeke, bwana mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, mama zetu walitaka kuwa sawa nasi. Je, hawa wa leo hawataki kutuweka chini?" Wanaume wakacheka. Wanawake wakanyamaza. Swali hilo ni jema, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Na tulichunguze.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU. Wengi aliwapata katika vikundi vya ngoma ya lelemama. Wanawake hao walitaka Waingereza waondoke. Hawakutaka waume zao waondoke. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akauongoza.

Pili, tutazame sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema mume amtunze mkewe. Lakini yasema pia kwamba mume akipatwa na maradhi asiweze kujipatia riziki, mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza. Tena yasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Haikutaja mume peke yake. Huo ndio usawa.

Walakini sheria hiyo ilikuwa na kasoro. Mvulana alipaswa kutimiza miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Rebeca Gyumi akaipinga kasoro hiyo katika Mahakama Kuu, na mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana na Mahakama Kuu. Je, aliomba nini? Hakuomba mvulana anyang'anywe kitu. Aliomba watoto wote wapimwe kwa kipimo kimoja.

Tatu, sikilizeni kesi ya Bi. Hawa Mohamed ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni kazi, nayo huhesabiwa mali inapogawanywa baada ya talaka. Hata hivyo bibi huyo hakupewa sehemu, maana mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za biashara, nazo hazikuifaa familia. Basi angalieni: mizani ileile iliyompa haki ilimnyima upendeleo.

Je, harakati za leo hazina lawama? Zinazo. Wako wanaowatukana wanaume wote kwa kosa la mmoja. Wako na mabibi wasemao vizuri mkutanoni, lakini msichana wao wa kazi huamka kabla ya alfajiri, hulala wa mwisho, na mshahara wake hucheleweshwa. Kwa bibi wa namna hiyo, usawa umeishia mlangoni pa jiko.

Lakini mwuzaji wa sokoni Tandale akipunja mchele, hatusemi mizani zote zitupwe. Twasema apime sawasawa.

Basi bwana wa Temeke, jibu langu ni hili. Wanawake wakidai kipimo kimoja kwa wote, wanadai usawa uleule wa mama zako. Wakidai kipimo chao peke yao, wamepotea njia. Nawe pia ujipime. Nyumbani kwako nani huchota maji? Fedha zikipungua, nani huachishwa masomo?

Maneno ya kujifunza

Usawa: kupimwa kwa kipimo kimoja.
Upendeleo: kumzidishia mmoja bila haki.
Rufani: kuomba mahakama ya juu iitazame tena hukumu.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini kulea watoto kwahesabiwa kuwa kazi?
2. Katika nyumba yako, ni jambo gani lina vipimo viwili?
3. Ni nani anayeweza kulirekebisha jambo hilo, na aanze lini?