Tamasha la Hisani kwa Ukumbusho wa Mzazi



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linaloanza kuwa desturi kati yetu. Mtu akifiwa na baba au mama, wanawe huitisha tamasha la muziki, wakauza tikiti, na fedha ipatikanayo wakaitoa kwa yatima, au zahanati, au shule aliyoipenda marehemu. Jambo hili ni jema, wala hatukuja kulipinga. Walakini twataka tulitazame kwa macho ya makarani, maana karani akionyeshwa furaha huuliza kwanza daftari liko wapi.

Katika mazishi ya kwetu, kabla jeneza halijaondoka, husimama mmoja wa jamaa akatangaza: aliye na deni kwa marehemu na ajitokeze, ama alipwe, ama asamehe. Sote twalijua tangazo hilo. Basi fikirini: wana wanapochapa jina la mzazi wao juu ya tikiti, wakasema fedha hii ni ya yatima, wamemwandikia marehemu deni jipya, naye hana tena mkono wa kulilipa. Zikipotea fedha, watu hawatamtaja mshika sanduku. Watasema, “Lile tamasha la marehemu fulani.” Jina ndilo litakaloliwa.

Kwa hiyo yapasa kuanza na ridhaa. Mzazi si wa mtoto mmoja. Wako ndugu, wako shangazi na wajomba, na pengine mjane yu ndani ya eda, ambayo kwa Waislamu ni miezi 4 na siku 10. Kupiga vinanda kwa jina la mumewe naye hajatoka eda ni kumvunjia heshima. Tena wako wanaoamini kwamba haki ya maiti ni hitima, dua na sadaka, na kwamba muziki hauna nafasi hapo. Akiwapo ndugu mmoja wa imani hiyo, hatuoni haki ya kulibandika jina la baba yake ukutani kwa nguvu. Sadaka haihitaji zumari. Wana waweza kuchanga wakaipeleka kimya.

Wakikubaliana, wachague siku. Twapenda kuwapeni mfano wa mbali, maana umejulikana sana. William na Harry wa Uingereza walimfanyia tamasha mama yao Diana, aliyefariki Paris tarehe 31 Agosti 1997. Hawakuchagua siku ya msiba. Walichagua tarehe 1 Julai 2007, siku ambayo kama angalikuwa hai angalitimiza miaka 46, nao uwanja wa Wembley huko London ukajaa watu. Elton John ndiye aliyefungua kwa kuimba, na wacheza baleti walicheza, kwa kuwa mama huyo aliupenda mchezo huo. Katika waliopewa fedha walikuwamo Sentebale, chama alichokianzisha Harry pamoja na Seeiso wa Lesotho mwaka 2006 kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI, kuwa ukumbusho wa mama zao wote wawili. Jina lake kwa Kisotho lina maana ya “usinisahau.” Sisi hatuna Wembley, wala hatuihitaji. Lakini kuchagua siku ya furaha na kupiga kile alichokipenda mwenyewe, hilo halina gharama. Wazazi wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa; mzee huambiwa alizaliwa mwaka wa nzige, basi. Hata hivyo siku aliyostaafu imo katika faili, nayo yatosha.

Sasa fedha. Tuseme ukumbi una viti 300 na tikiti ni shilingi 10,000. Mwenye tamaa hupiga hesabu ya shilingi 3,000,000. Sisi twashauri ihesabiwe nusu ya viti, yaani 1,500,000. Kisha zitolewe gharama: ukumbi, vipaza sauti, nauli na chakula cha wapigaji, kibali, matangazo, haki ya watungaji wa nyimbo. Zikifika 1,400,000, limebaki laki moja kwa yatima. Hapo afadhali wana watoe laki hiyo mifukoni mwao, wakalale usingizi. Ila wakipata mfadhili wa kulipa gharama zote kabla ya siku yenyewe, basi kila shilingi ya mlangoni ni ya yatima, na tikiti yaweza kusema hivyo bila haya.

Tikiti zipigwe namba, na kila aliyechukua kitabu cha kuuza atie sahihi. Mlangoni wakae wawili wasio wa nyumba moja. Na hizi tikiti za bure za wakubwa ziandikwe pia, zihesabiwe, maana tumeona safu tatu za mbele zikijaa wageni wa heshima ambao hawakulipa hata senti, na nyuma yao maskini aliyelipa amesimama.

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni tuzo. Katika taarabu mtu akiguswa na wimbo huinuka akamtuza mwimbaji, na kwa desturi fedha hiyo ni ya mwimbaji na wenziwe. Lakini usiku wa hisani mtuzaji hudhani anatuza yatima. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, na kila mmoja ana haki yake. Patano lifanywe na kikundi mapema, kwa maandishi, nalo litangazwe jukwaani kabla ya wimbo wa kwanza: tuzo ni ya nani.

Baada ya siku 30 hesabu isomwe mbele ya jamaa, na nakala ibandikwe pale pale ukumbini. Fedha isikabidhiwe taslimu kwa mtu. Ipitie benki kwa jina la kituo, na stakabadhi irudi. Kituo kikiomba magodoro, kipewe magodoro, kisipewe saa ya ukutani yenye picha ya marehemu.

Mfano wa karatasi ya hesabu tumeupiga chapa. Nakala ziko kwa Bwana Mwandishi, nasi tu tayari kwa maswali yenu.