Kiongozi Naye Ana Mwili

Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wa mitaa, Kingamyambo, Kolwezi

  Tunajua wengine wametoka karieri bila kulala, na wengine wamemwachia mtoto makala ya kuuza ili wafike hapa.

Tumeombwa kuzungumza juu ya kujitunza. Siku tulipotangaza neno hilo, mama mmoja alicheka, akasema: "Kujitunza ni kazi ya wenye nyumba. Sisi tunalala chini ya turubai." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo tutaanza na habari yetu wenyewe, maana jambo hili tulijifunza kwa kukosa, si kwa vitabu.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, vumbi limejaa hata ndani ya bukari. Tulikuwa wiki ya tatu tukiandika majina ya familia zilizotoka Kasai baada ya vita vya 2016 na 2017, pamoja na familia za hapa Kolwezi zilizoondolewa kwenye nyumba zao kwa sababu ya machimbo. Orodha ilikuwa moja na maturubai yalikuwa machache. Telefone zetu zililia usiku na mchana. Tuliona haya kuzizima, tukifikiri mtumishi mwema ni yule anayejibu kila mtu. Siku hiyo hakuna kati yetu aliyekula. Mzee mmoja akaja mara ya nne kuuliza kama jina lake limeandikwa. Mwenzetu akapandisha sauti mbele ya watu wote: "Nyinyi watu wa Kasai mnapenda sana kusumbua."

Mstari mzima ukanyamaza.

Pengine katika mji mwingine neno kama hilo lingepita. Hapa halipiti. Wengi wenu mlikuwepo, na sisi tuliokuwa watoto tumesikia kwa wazazi wetu. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao. Kabla ya kufukuzwa waliitwa bilulu, wadudu. Walikaa kwenye stesheni za reli kwa majuma wakingoja treni, na wengi walikufa, zaidi watoto na wazee. Yule mzee wa mstarini alikuwa mmoja wa waliongoja pale stesheni ya Kolwezi mwaka 1993, akiwa baba kijana.

Jioni ile vijana wa pande mbili walianza kukusanyika. Shefu wa mtaa na mama mmoja wa kamati ya waliohama walitembea nyumba kwa nyumba hadi usiku, na hakuna aliyeumia. Asubuhi mwenzetu alikwenda kwa yule mzee, akaomba msamaha mbele ya majirani walewale waliosikia. Mzee akamtazama, akamwuliza: "Mtoto wangu, jana ulikula?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefika mtaani kulinda amani, na uchovu wetu ulitaka kuivunja. Tangu siku hiyo tunasema wazi kwamba kupumzika kwa kiongozi ni sehemu ya kazi ya amani. Mtu aliyechoka kupita kiasi hasikii vizuri, anahesabu vibaya, anaona adui mahali pasipo na adui, na kinywa chake kinatangulia moyo.

Sasa, je, mambo haya yanawezekana kwa watu waliopoteza karibu kila kitu? Tuchukue mfano wa ndugu zetu wa Sudan Kusini waliokimbilia Uganda. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa nchi hiyo, wanawake 694 walishiriki katika utafiti juu ya njia iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Vijiji vingine vilipata mafunzo hayo, vingine vikapata msaada wa kawaida. Mafunzo yalikuwa mara moja kwa juma, majuma matano, kwa makundi ya watu 20 au 30 wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao. Walioongoza makundi hawakuwa waganga. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, wanawake waliofuata mafunzo walikuwa na mateso kidogo ya moyo kuliko wenzao. Walikuwa wangali kambini, maturubai yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni namna walivyobeba mzigo.

Walifundishwa nini? Kwanza, kurudi mahali walipo. Mawazo ya aliyefukuzwa hayakai mahali pamoja. Leo yako kwenye nyumba iliyovunjwa, kesho yako kwenye karo ya shule. Tujaribu pamoja, dakika mbili tu. Weka nyayo zako zote mbili chini. Sukuma ardhi kidogo kwa miguu, usikie kwamba inakubeba. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi. Sikiliza: kuna lori barabarani, kuna mtoto analia kule, kuna mtu anatwanga. Usifukuze wazo baya likija. Liseme kwa jina, "hii ni hofu," au "hii ni hasira," kisha rudi kwenye nyayo zako. Ukiona kufumba macho kunakuletea picha za vita, usifumbe. Tazama mti ule. Kama pumzi nayo inakusumbua, acha, tembea kidogo. Hakuna anayelazimishwa.

Mtu asitudanganye kwamba pumzi inajaza tumbo. Haijazi. Lakini inakupa nafasi ndogo kati ya hasira na neno, na mwenzetu siku ile alihitaji nafasi hiyo tu.

Jambo la pili ni huruma kwa nafsi yako. Mwenzetu huyo, hata baada ya kusamehewa, hakulala siku kadhaa. Alijiita mtu bure, akataka kuacha kazi. Tukamwuliza: kama mdogo wako angekosa hivyo, akaomba msamaha, ungemwambia nini? Akasema, "Ningemwambia ale, alale, kesho arudi kazini akiwa mwangalifu." Basi, tukasema, jiambie hivyo hivyo. Kujihurumia hakukufuti kosa. Alikwenda kwa mzee kwanza, kwa miguu yake. Lakini kujipiga kila usiku baada ya hapo hakumsaidii mzee wala mtu mwingine yeyote. Wababa wengi hapa mnajipiga hivyo kwa sababu hamkuweza kuokoa nyumba. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za Kasulo, na mwaka 2017 mamia ya familia ziliondolewa pale. Je, ni baba gani angeizuia kobalti isiwe chini ya sakafu yake? Aibu hiyo si yako, nayo ikikaa sana ndani inatafuta lutuku, au inamshukia mama wa nyumba na watoto.

Sasa tufike kwenye mipaka, na hapa ndipo viongozi wanapotukatalia zaidi. "Desturi yetu hairuhusu kumfukuza mtu mlangoni." Kweli, na hatusemi umfukuze. Lakini mama mmoja wa kamati alituambia kwamba mlango wake unapigwa hodi kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku, na watoto wake wamezoea kula bila yeye. Tulikaa naye pamoja na kamati yake. Wakakubaliana juu ya mahali, chini ya mwembe, na juu ya masaa, asubuhi na jioni. Wakagawana siku, watu wawili wawili, ili mmoja akienda kilioni au shambani mwingine awepo. Shefu wa mtaa akatangaza mbele ya watu wote, ili isionekane kwamba mama huyo anaringa. Wiki ya kwanza watu walinung'unika. Wiki ya tatu walifika chini ya mwembe.

Maneno ya kukataa nayo yanafundishwa. "Siwezi" peke yake linaumiza. Lakini ukisema, "Mama, nimekusikia, leo usiku siwezi, kesho saa mbili njoo pale tukae," umelinda heshima yake na usingizi wako. Usiahidi unachojua hutapata. Ahadi ya uongo ni deni litakalokuamsha usiku. Na pesa za mchango zisikae nyumbani kwa mtu mmoja. Ziwe na watu watatu na daftari, ili ndugu yako akija kukopa uweze kumwambia bila uongo, "Si zangu." (Tunajua, ndugu huyo atakasirika. Atapoa.)

Familia nazo zina mipaka. Nyumba ya vyumba viwili iliyopokea jamaa wanane ikae siku moja, wenyeji na wageni, waseme wazi: nani anachota maji, bukari inanunuliwa na nani, wageni watakaa muda gani kabla ya kuzungumza tena. Magombano mengi tuliyoitiwa yalianza kwa sabuni na makala, kisha yakageuka kuwa mambo ya kabila.

Kuna mambo yasiyongoja masaa ya mwembe. Mtoto mwenye homa kali, mtu anayesema anataka kufa, nyumba inayotishiwa: hapo utaamka. Aliyebakwa asaidiwe kufika kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai tena baada ya hapo. Na hata katika hayo usiende peke yako. Mwite mwenzako wa zamu.

Wengine watatusikia vibaya wafikiri tunawaambia mtulie na kunyamaza. Hapana. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inampa aliyeondolewa kwa sababu ya machimbo haki ya kulipwa fidia. Dai hilo ni la kufuatwa, kwa barua, kwa kamati, kwa mwanasheria akipatikana. Lakini linaweza kuchukua miaka, na tumeona kamati zikivunjika kabla ya barua kujibiwa, kwa sababu mtu mmoja alibeba kila kitu hadi akaugua.

Mama wa kamati ameinua mkono pale nyuma, na shefu naye ana neno. Tutakaa nanyi hapa hadi saa sita. Baada ya hapo telefone zetu zinazimwa, tunakwenda kula, na kesho saa mbili tuko chini ya mwembe.