Majina Kando ya Barabara

Mchana wa tarehe 13 Juni 1917, ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu mjini London. Bomu moja lilitoboa paa la shule ya Upper North Street, mtaani Poplar, likalipukia darasa la watoto wadogo. Watoto 18 walikufa, wengi wao wa umri wa miaka 4 hadi 6. Mwaka 1919 ulizinduliwa mnara wenye sanamu ya malaika, katika bustani kando ya barabara ya East India Dock, nao umechongwa majina na umri wao.

Vita hiyohiyo iliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki. Wengi hawana kaburi lenye jina. Kwa hiyo usharika uandikapo majina ya watu wake, hutimiza wajibu mtakatifu.