Mwanga Usioingia Mlangoni mwa Lenzi: Taswira Inavyoundwa katika Fotolithografia



Hapa mezani nina CD moja, DVD moja na kalamu mbili za leza, nyekundu na ya kijani. Naomba tuanze na hivi kabla ya kuzigusa mashine za kutengenezea chipu.

Nikiimulika CD moja kwa moja kwa leza nyekundu ya nanomita 650, mwanga unagawanyika. Mwale mmoja unarudi ulikotoka, mwingine unakwenda kulia kwa nyuzi 24, mwingine kushoto kwa nyuzi hizo hizo, na mingine hafifu nje zaidi. Mifereji ya CD imeachana kwa mikromita 1.6. Nikichukua DVD, ambayo mifereji yake imeachana kwa mikromita 0.74 tu, miale ya pembeni inatupwa hadi nyuzi 61. Mchoro ukizidi kubana, mwanga unazidi kutawanyika. Hiyo ndiyo difraksheni.

Katika fotolithografia, mwanga hupitishwa kwenye kiolezo cha kioo chenye mchoro, kisha lenzi huupunguza mchoro huo, kwa kawaida mara nne, juu ya kisahani cha silikoni kilichopakwa dawa inayobadilika kwa mwanga. Tumezoea kufundisha kwamba kila nukta ya kiolezo hutoa miale, lenzi ikaikutanisha upande wa pili, basi. Mchoro huo nimeuchora ubaoni miaka mingi, na sasa naamini unawapotosha wanafunzi wetu. Kiolezo chenye mistari myembamba hufanya kazi ile ile ya CD: huugawa mwanga. Lenzi nayo hupokea ile miale tu inayoingia mlangoni mwake. Ikiingia miwili au mitatu, inakutana chini, inaingiliana, na mistari inazaliwa upya. Ukiingia ule wa katikati peke yake, kisahani kinapata mwanga uliotandazwa sawasawa. Tusiseme taswira imefifia, taswira haipo.

Ernst Abbe alilieleza jambo hili mwaka 1873 huko Jena, Ujerumani, alipokuwa akishughulika na hadubini za Carl Zeiss. Kanuni yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake mjini humo, na inastahili.

Tupige hesabu moja. Leza ya argoni na florini hutoa mwanga wa nanomita 193. Tunataka mistari inayojirudia kila nanomita 200 juu ya kisahani. Gawanya 193 kwa 200, unapata 0.965, yaani sini ya pembe ya mwale wa pembeni. Lenzi bora inayofanya kazi hewani hupokea hadi 0.93. Tumekosa kwa kidogo, lakini tumekosa kabisa.

Dawa ya kwanza ni kufupisha wimbi. Tazameni: leza ya kijani ya nanomita 532 juu ya DVD ile ile inairudisha miale ya pembeni kutoka nyuzi 61 hadi 46. Ndiyo maana viwanda vilitoka kwenye taa za zebaki za nanomita 436 na 365, vikaenda 248, kisha 193. Dawa nyingine ni maji: yakijaa kati ya lenzi na kisahani, mlango, ukipimwa sasa kwa sini ikizidishwa na uwezo wa maji wa kupinda mwanga, hupanuka hadi 1.35.

Mimi huvutiwa zaidi na dawa ya tatu, kwa kuwa haibadilishi lenzi wala wimbi. Inamisha mwanga. Ukikimulika kiolezo kwa mshazari, mwale wa katikati husogea upande mmoja wa lenzi, na mmoja wa pembeni huingia kwa upande wa pili, kila mmoja kwenye 0.48 hivi. Mistari iliyokataa inatokea. Tena miale hii miwili ina mwinamo sawa, kwa hiyo kisahani kikipanda au kushuka kidogo, yote hubadilika kwa kiasi kimoja na mistari hubaki imara. Ile mitatu ya mwanzo haina bahati hiyo: wa katikati hupita njia fupi kuliko wenzake, na fokasi ikiyumba kidogo tu inaachana.

Mtakapokuja mezani, elekezeni leza nyekundu kwenye DVD kwa mshazari wa nyuzi 26, mbali na macho ya mtu yeyote. Mwale mmoja utakwenda nyuzi 26 upande wa pili. Mwingine utawarudia kwenye kalamu yenyewe.