STESHENI YA KOMATI NA MAISHA YA KIBARUA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya stesheni ya umeme ya Komati, iliyoko Afrika ya Kusini katika jimbo la Mpumalanga. Mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1961, na ilipokamilika ilikuwa na mitambo tisa. Makaa ya mawe yalisagwa yakawa unga, unga ukachomwa katika tanuru, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mashine. Umeme wake ulisafiri kwa nyaya ukaendesha viwanda vya mbali.

Tarehe 31 Oktoba 2022 moto ulizimwa. Stesheni ilikuwa imezeeka, na moshi wa makaa ni adui wa mapafu. Hatubishani na hilo. Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 497 ili paletwe umeme wa jua na wa upepo, na wafanyi kazi na wenyeji wasaidiwe.

Je, mfanyi kazi alipata nini? Aliyeajiriwa na Eskom, wenye stesheni, hakufukuzwa. Wengi walihamishiwa stesheni nyingine. Lakini aliyeletwa na mkandarasi, mkataba wake ulikwisha pamoja na moto. Wote wawili walikula vumbi moja, lakini mmoja tu alikuwa na pa kwenda.

Mwaka 2023 tume ya Rais wa nchi hiyo ya mambo ya hali ya hewa ilisema kwamba matayarisho ya namna hii yataka kuanzwa mapema, kabla stesheni haijafungwa.

Pengine mtasema, Komati yatuhusu nini? Ni kweli, Kenya hatuna stesheni kama hiyo. Ile iliyokusudiwa Lamu ilifutiwa kibali mwaka 2019. Lakini vibarua wa wakandarasi tunao, na kila mashine huzeeka.

Kwa hiyo twataka mambo matatu yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri. Kwanza, tuambiwe miaka kabla ya kufungwa, si miezi. Pili, mafunzo ya kazi mpya yatolewe mshahara ukiendelea. Tatu, kibarua wa mkandarasi ahesabiwe pamoja nasi.

Ndugu zetu, mapatano huandikwa moto ukiwaka. Majivu yakiisha kupoa, hakuna wa kusikiliza.

Umoja ni nguvu.