Mzizi wa Nasaba

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la manii na kumpa sura aitakayo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, pamoja nanyi mnaotusikiliza majumbani:

Leo tunaizungumzia dhuluma inayovunja nyumba zetu. Mume na mke, wote weusi, hujaaliwa mtoto mwenye ualbino, ngozi yake nyeupe na nywele zake za manjano. Badala ya kupewa hongera, mama hupewa matusi. Mawifi hunong'ona, mume huhama, na mtoto hulelewa kama yatima ilhali baba yake yu hai.

Zama za Mtume (S.A.W.), bedui mmoja alimwendea akashitaki kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye alitaka kumkana. Mtume akamuuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi. Akajibu kuwa ni wekundu. Akaulizwa kama hamna miongoni mwao wa rangi ya kijivu. Akakiri kuwa wamo. Na hao wameipata wapi rangi hiyo? Bedui akasema kuwa labda ni mzizi wa nasaba uliowavuta. Mtume akambainishia kuwa huenda na mwanawe amevutwa na mzizi vivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Hurayra.

Elimu ya viumbe nayo imetufunulia jinsi mzizi huo unavyovuta. Mwaka 1866, mtawa Gregor Mendel wa mji wa Brno, huko Ulaya, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere. Alipochanganya mbegu za manjano na za kijani, kizazi cha kwanza kilitoka manjano tupu. Alipoipanda mimea hiyo na kuiacha ijichavushe yenyewe, alivuna mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani kiasi cha moja katika kila nne. Kumbe ukijani haukupotea, ulijificha tu.

Na sisi wanadamu tumo katika kanuni hiyo. Urithi wa maumbile huchukuliwa na vitu viitwavyo jeni, ambavyo mtoto hupokea kwa baba na kwa mama. Kwa kawaida ualbino hutokea pale mtoto anapopata jeni yenye kasoro ya kutengeneza rangi kutoka pande zote mbili. Aliye na moja tu huwa mweusi kama wenzake, wala hajui kuwa anayo. Aliirithi kwa wazee wake, naye huwarithisha wanawe. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino, na hesabu huanza upya kwa kila mimba.

Tutafakari, ndugu zetu. Mtoto anayekanwa na baba yake kwa ajili ya ngozi yake, huenda ngozi hiyohiyo amerithishwa na baba huyo pia. Si laana, wala si maradhi ya kuambukiza, wala si alama ya uzinzi. Na Sura An-Nur imekwisha kutuonya vikali juu ya kuwasingizia wanawake watwaharifu.

Basi aliyemkimbia mkewe kwa sababu hii na arejee, amtake radhi, na ampe mtoto haki yake: kofia na nguo za mikono mirefu za kumkinga na jua, nafasi ya mbele darasani kwa udhaifu wa macho yake, na ulinzi dhidi ya majahili wanaoviwinda viungo vyake kwa ushirikina.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu, na azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.